Tafakari ya Wiki: Kusubiri na Kungojeshwa



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya viwanja na majengo. Wapo watakaosema kwamba padre ana altare yake na ardhi ina wenyewe, nasi hatuwalaumu kwa kusema hivyo. Lakini kwa majuma matatu sasa karibu kila tunayekutana naye, awe anatoka Misa ya kwanza au anashuka kwenye pantoni na kapu la samaki mkononi, anatuuliza jambo lile lile: "Baba Paroko, umeyasikia ya mradi? Wewe unaonaje?" Swali la namna hiyo halijibiwi vizuri mlangoni pa kanisa, watu wakiwa wamesimama juani. Tumeona heri tuliandikie kwa utulivu.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali, tuanze na mahali penyewe. Kigamboni iko ng'ambo ya mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Ukisimama Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri, unaiona waziwazi upande wa pili wa maji, hata unadhani ungeweza kumwita mtu kwa sauti akageuka. Na bado maji yale machache yaliiweka mbali na mji kwa miaka mingi. Wakati Tabata, Sinza na Mbagala zikijaa nyumba hadi mtu hana pa kugeuzia mkokoteni, huku kwetu ilibaki minazi, mikorosho, mihogo na vijiji vya pwani vyenye makaburi ya kale. Pantoni ikiharibika, mwanafunzi, mgonjwa na mchuuzi walikwama pamoja, na hapo ndipo watu walipofahamiana majina.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Mwaka 2002 Serikali ilianza mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na baadhi ya viwanja hivyo vilipimwa upande wetu, Kibada, Kisota, Mwongozo na Gezaulole. (Jina hili la mwisho hutuchekesha kila tunapolitamka. Wazee hutueleza kwamba maana yake ni "jaribu uone", nalo lilipewa kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa Mbwamaji. Wenye kupima viwanja hawakulibadili, nasi tunawashukuru kwa ucheshi huo.) Kisha Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere kati ya Kurasini na Kigamboni, urefu wake mita 680, na tangu siku ile hakuna aliyeweza tena kutuambia kwamba tunakaa mbali. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 162,932 katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Kigamboni. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 317,902. Kwa lugha ya nyumbani ni kusema kwamba kila aliyekuwa kwenye foleni ya maji bombani amepata mtu wa kusimama nyuma yake.

Sasa habari ya mradi wenyewe. Hatutautaja kwa jina, wala mwenye kuuleta, kwa kuwa ni pendekezo tu na hakuna aliyetia sahihi. Kwa ufupi, wapo wawekezaji wanaotaka kununua eneo la mtaa mmoja lililo kati ya barabara na bahari, lenye nyumba za zamani, vishamba vya minazi, uwanja wa mpira na makaburi ya koo mbili, ili wajenge humo maghorofa ya makazi, maduka na hoteli. Watanunua kwa makubaliano na mmiliki mmoja mmoja. Mkutano wa wakazi uliitwa Jumamosi jioni, pale pale uwanjani, nasi tukaalikwa pamoja na shehe wa msikiti wa jirani. Ulifunguliwa kwa dua na sala kama ilivyo desturi ya mitaa yetu, kisha ukaendelea kwa saa nne bila dua wala sala.

Msemaji wa wawekezaji alikuwa kijana mwenye adabu, aliyevaa shati jeupe na kubeba mchoro mkubwa wa rangi. Kosa lake lilikuwa neno moja. Alieleza kwamba mradi utabadilisha "eneo lisiloendelezwa" kuwa mji wa kisasa. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele juu ya gogo akanyanyua fimbo yake kabla hata hajaruhusiwa na mwenyekiti. "Mwanangu," alisema, "minazi hii aliipanda babu yangu, na baba yangu akaongeza ile ya kule chini. Ukisema hapa hapajaendelezwa, unataka kutuambia babu yangu alikuwa amelala?"

Watu walicheka, lakini mzee hakuwa anachekesha. Tumelitafakari sana neno lile baada ya mkutano. Kuendeleza ni kukifanya kitu kiendelee, na huwezi kukiendeleza kisichokuwapo. Ajabu ni kwamba katika lugha ya viwanja limegeuka kuwa na maana ya zege peke yake. Mwenye minazi mia moja hajaendeleza. Mwenye ukuta wa tofali unaozunguka nyasi ameendeleza. Madalali nao wana neno lao kali zaidi, wao husema "pori". Tumewahi kusikia shamba la mihogo lililopaliliwa vizuri likiitwa pori mbele ya mwanamke aliyekuwa bado ameshika jembe.

Hata hivyo tusimpendelee mzee kwa sababu tu maneno yake ni matamu. Kijana wa bodaboda alimjibu kwa heshima kwamba nazi haimlipii mtoto karo wala haileti lami, na kwamba yeye na wenzake ishirini kijiweni wanangoja mtu yeyote atakayeleta kazi, awe na ghorofa au asiwe nalo. Alisema kweli. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliuliza kuhusu karatasi. Alinunua kiwanja chake kwa mafao yake yote, akaandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi, akagongewa muhuri wa mtaa, na hana hati miliki hadi leo. Je, bei yake itakuwa sawa na ya jirani mwenye hati? Msemaji alijibu kwamba kila kesi itatazamwa kivyake, na mama yule akaketi taratibu kama mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa.

Wengine walitaka ubia badala ya kuuza: mwenye ardhi atoe ardhi, mwekezaji atoe jengo, na mwenye ardhi apate nyumba mbili au tatu humo ghorofani. Sisi tuliona hilo lilikuwa wazo zito kuliko yote ya jioni ile. Ipo sheria ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo na kupewa hati yake, kwa hiyo si ndoto. Lakini hakuna aliyeuliza nani atalipia lifti ikiharibika, nani atalipia walinzi na pampu ya maji, na mzee wa fimbo atafugia wapi kuku wake. Wenye kupenda wazo hilo wakae na mtu anayejua hesabu kabla ya mkutano ujao.

Saa ya tatu ya mkutano jua lilikuwa limeshuka na watu wameanza kuangalia saa zao. Ndipo aliposimama mwanamke mmoja wa makamo, anayepika na kuuza vitumbua karibu na kituo cha daladala. Hakuuliza bei wala fidia. Aliuliza hivi: "Kuanzia leo mpaka siku mtakayorudi na jibu, mimi niezeke au nisiezeke?"

Msemaji alitafakari kidogo, akasema kwamba kwa sasa wangewashauri wakazi wasifanye uendelezaji mpya, ili kuepusha hasara.

Uwanja mzima uliguna. Mguno ule haukuwa wa hasira. Ulikuwa kama wa mgonjwa anayeguswa mahali palipokwisha kuvunjika zamani.

Ili msomaji auelewe, hana budi kurudi nyuma hadi mwaka 2008. Mwaka huo Serikali ilitangaza nia ya kujenga mji mpya wa Kigamboni, mji uliopangwa wenye sehemu za biashara, utalii, elimu na makazi, katika eneo la zaidi ya hekta 6,000. Wataalamu walichora, na michoro ilipendeza kweli. Katika jiji ambalo sehemu kubwa ya makazi yake imeota bila kupimwa, nia ya kupanga kabla ya kujenga ilikuwa nia njema, na anayesema vinginevyo hajawahi kubeba jeneza katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Eneo likatangazwa kuwa la mipango, na wakazi wakatakiwa kusimamisha ujenzi mpya wakati mpango ukiandaliwa. Ulizungumzwa muda wa miaka miwili. Miwili ikapita. Kukaundwa wakala maalumu, mipaka ikapanuliwa kwenye karatasi, mawaziri wakabadilika, mikutano ikaitwa, mingine ya utulivu na mingine ya kelele. Mwishowe mji ule haukujengwa kwa sura iliyotangazwa, na wakala ukavunjwa.

Hatuyaandiki haya ili kufufua ugomvi. Tunayaandika kwa kuwa wakati ule watu walibishana sana juu ya fidia, kiasi gani kwa mita ya mraba, nani alipwe hisa na nani fedha, na mabishano hayo yaliandikwa magazetini. Jambo ambalo halikuandikwa sana ni ile miaka yenyewe. Hakuna aliyenyang'anywa nyumba siku ile ya tangazo. Kila mtu alirudi kwake jioni, akafungua mlango ule ule kwa ufunguo ule ule. Kilichotoweka ni kesho ya nyumba hiyo.

Lugha yetu ina akili yake katika jambo hili. Inatofautisha kusubiri na kungojeshwa. Subira ni tendo la mtu mwenyewe. Ameliamua, analijua lengo lake, na mara nyingi anaujua hata mwezi. Aliyepanda mahindi anasubiri. Aliyeambiwa asipande mpaka atakapoarifiwa, huyo anangojeshwa. Methali yetu ya subira kuvuta heri ilitungwa kwa ajili ya yule wa kwanza, na tumeona si haki kumsomea yule wa pili.

Fikirini mtu anayengojeshwa anaishije. Ameacha ukuta kwenye lenta, nondo zimetokeza juu na zinashika kutu kila masika. Choo kimejaa, lakini kuchimba shimo jipya ni gharama, na huenda mwakani hatakuwapo, kwa hiyo anazibua. Kijana wake anayetaka kuoa alipaswa kujenga chumba na sebule nyuma ya nyumba ya wazazi. Anakwenda kujenga Mkuranga, na bibi anabaki bila wajukuu wa karibu. Ndugu watatu waliorithi nyumba moja hawagawani, kwa sababu hawajui wanagawana nyumba au wanagawana madai. Akienda kukopa, anaulizwa kama kiwanja kimo ndani ya mradi. Naye mthamini akija hatimaye, baada ya miaka yote hiyo, huandika anachokikuta: bati lenye kutu, ukuta wenye ufa, msingi ulioota majani. Uchakavu ulioletwa na kungoja unakuwa sababu ya kulipwa kidogo. Anayetoa amri ya kungoja hapotezi kitu, na kila mwezi unaopita unashusha bei ya kile atakachokinunua.

Wala hatudhani kwamba lazima awepo mtu mbaya ili hili litokee. Kijana wa shati jeupe alitoa ushauri ule kwa moyo mwema. Hakutaka mama auze vitumbua miezi kumi, anunue bati, kisha zing'olewe. Lakini ushauri usio na tarehe ni amri, na amri isiyo na tarehe ni kutwaa.

Sheria za nchi yetu hazikosi kulitambua suala la muda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, na kanuni zake za mwaka 2001 zinahesabu si jengo tu bali pia usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 ikaongeza kwamba thamani iliyokadiriwa kwa ajili ya fidia, isipolipwa ndani ya miaka miwili tangu ilipoidhinishwa, hukoma, na kazi haina budi kurudiwa. Hayo ni mambo mema. Ila saa ya sheria hiyo huanza kugonga baada ya uthamini. Kabla ya hapo, mpango ukiwa bado ni mchoro wa rangi ulioegemezwa kwenye mwembe, hakuna anayehesabu siku. Na pale ambapo mnunuzi ni mtu binafsi anayenunua kwa hiari, posho ya usumbufu na nyingine hazimhusu. Kilichopo ni yale tu ambayo wauzaji watakuwa wameyaandika kwenye mkataba. Tunawasihi wenye viwanja wasilisahau hilo. Tumesikia pale uwanjani watu wakizungumza kana kwamba Serikali ndiyo inayonunua, na hesabu zao zote zilikuwa za fidia ambayo haipo.

Lipo jambo la pili lililotuumiza moyo zaidi ya lile la kwanza. Mkutano ulipofika mahali pa kupiga kura ya kuunda kamati, sauti ilitoka nyuma: "Wapangaji wakae pembeni, hapa wanaongea wenye mali!" Watu wengi wakaitikia. Mama wa vitumbua alikuwa wa kwanza kurudi nyuma, na hapo ndipo tulipotambua kwamba nyumba anayotaka kuiezeka si yake. Ni ya shangazi aliyefariki, watoto wa marehemu wako Tanga, naye amekaa humo miaka kumi na minne kwa makubaliano kwamba badala ya kodi atakuwa anaitunza. Bati lile ndiyo kodi yake.

Wapendwa, hebu tujiulize mkazi ni nani. Mitaa yetu inayokua kwa kasi imejaa watu waliopanga. Fundi cherehani amepanga, muuguzi wa zahanati amepanga, walimu wa shule ya msingi karibu wote wamepanga, na katika kwaya yetu tukiwaondoa wapangaji itabaki sauti ya nne peke yake na kinanda. Mwenye nyumba akiuza vizuri, anaondoka na fedha. Mpangaji anaondoka na godoro. Wateja wake wanabaki, shule ya watoto inabaki, na daftari la madeni aliyokopesha jirani halina tena maana. Mzee mwenye minazi anapoteza urithi, na huo ni msiba wa kweli, lakini anaulizwa. Mpangaji haulizwi, na jioni ile waliomnyamazisha walikuwa majirani zake, watu ambao wenyewe walikuwa wamelalamika saa moja kabla kwamba hawasikilizwi.

Ili tusionekane tunazungumza mambo yasiyowezekana, tutoe mfano ulio karibu. Miaka ya 2000 watu wengi walihamishwa Kurasini kupisha shughuli za bandari. Miongoni mwao walikuwamo wapangaji ambao hawakuwa na mali ya kulipwa fidia. Baadhi yao, wanaume na wanawake waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, waliunganisha visenti vyao na waliokuwa wamiliki, wakanunua ekari 30 Chamazi, kusini mwa jiji, wakajifunza kufyatua tofali wenyewe, na wakajenga nyumba ndogo zinazoweza kuongezewa chumba baada ya chumba kadiri mtu anavyopata. Haikuwa hadithi tamu mwanzo hadi mwisho. Marejesho ya mikopo yaliwaelemea wengi, na nyumba zilijengwa polepole kuliko walivyotarajia. Lakini tunapenda msomaji azingatie walivyofanya: mpangaji na mmiliki waliketi kwenye mkeka mmoja.

Papa Fransisko katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 aligusa jambo hili la miji. Anasema kwamba maoni ya wanaoishi mahali hayana budi kuingizwa katika mipango yake, na kwamba inapolazimu watu kuhamishwa, wapewe habari mapema na za kutosha, waonyeshwe makazi mengine yanayofaa na wachague, nao wawe sehemu ya uamuzi. Anasema wanaoishi, hasemi wenye hati. Tuliitaja tofauti hiyo pale uwanjani tulipopewa nafasi ya kusema, nayo haikupokewa kwa vigelegele. Bwana mmoja alituuliza kama kanisa nalo litawapa wapangaji wake kura. Ni swali la haki, maana parokia ina vyumba vitatu vya biashara kando ya barabara, na tumeahidi kulijibu mbele ya halmashauri ya walei.

Basi, kwa wale waliotuuliza mlangoni tunaonaje, tunaona hivi. Hatuupingi mradi. Mji unaokua unahitaji nyumba, na ghorofa moja lililojengwa vizuri hula ardhi kidogo kuliko nyumba mia za chini zilizotapakaa hadi mpakani mwa mkoa. Wala hatuuungi mkono, kwa kuwa hatujauona mkataba. Na tumeona pia, huko Amani Gomvu, majengo makubwa ambayo ujenzi wake ulisimama mwaka 2016 yakiwa mafremu matupu, kwa hiyo mchoro wa rangi peke yake hautulazi usingizi. Tunaloomba ni dogo. Wawekezaji waandike tarehe. Waseme: tutarudi na bei ifikapo siku fulani, na tusiporudi, kila mtu yuko huru kujenga, na pendekezo limekufa. Tarehe hiyo ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye mlango wa msikiti na kwenye ubao wa matangazo wa kanisa. Atakayetaka watu wasimamishe ujenzi kabla ya siku hiyo alipie usimamaji huo kwa mwezi, kama anayelipia kiti kwenye hema la harusi hata asipoketi. Kuhusu makaburi, koo zile mbili zizungumze zenyewe kwanza, bila dalali na bila mchoro. Hilo shehe alilisema vizuri kuliko sisi.

Kamati iliundwa, watu tisa. Baada ya mabishano marefu, na baada ya mzee wa fimbo kusimama tena na kusema kwamba mpangaji wake ndiye aliyemkimbiza hospitali usiku aliposhikwa na presha, wapangaji wawili waliingizwa. Mmoja ni yule kijana wa bodaboda. Watakutana na wawekezaji Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa kumi jioni, na mwalimu mstaafu atakuwa mwandishi, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Mama wa vitumbua hakungoja. Jumatatu alipita na bajaji iliyobeba bati za geji 30, kumi na nane kwa hesabu yetu, zimefungwa kwa kamba ya mkonge. Tulimuuliza kama watoto wa marehemu kule Tanga wanajua. Akasema amewapigia simu, wamemwambia asubiri kwanza, naye amewaambia fundi amekwisha kulipwa nusu. Tunapoandika, upande wa mbele umekamilika, na fundi anasema upande wa jikoni utakuwa tayari Alhamisi mvua isiponyesha.